Mama Klorini na Maneno Yasiyomdhuru Mtu

Harufu yake ilimtangulia. Kabla hajakata kona, wenye vibanda vya chai walishajua anakuja, wakaanza kufunika sufuria, kufukuza nzi na kusukuma ndoo za maji machafu chini ya meza. Ilikuwa harufu ya dawa ya maji, ile kali inayokwangua pua, nayo ilikuwa imemwingia mikononi, kwenye kitambaa cha kichwa, hata kwenye noti alizolipia mboga. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mji mzima ulimwita Mama Klorini, na mwenyewe aliitika.

Alikuwa afisa afya wa halmashauri, kazi ambayo kwa nje ina cheo na kwa ndani ina matope. Alichungulia vyoo vya shule. Aliinama kwenye mifereji ambayo mbwa waliiruka. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akisema jambo lile lile kwa sura tofauti: nawa, funika, chemsha. Watu walimtii kama wanavyomtii shangazi mkali, kwa kunung'unika na kubinua midomo, lakini walimtii. Mumewe, fundi saa ambaye macho yalikuwa yameanza kumtoroka, alikuwa na mzaha aliowarushia wageni wote: "Nikifa msihangaike kuniosha. Huyu ameshaniosha vya kutosha."

Gari hakuwa nalo, wala hakuwa na askari wa kutembea naye, wala uwezo wa kumfunga mtu. Alikuwa na neno lake. Akisema kitu hakifai, basi hakifai, na mwenye kitu alikiondoa hata kama moyoni alimtukana mpaka babu yake wa tatu. Neno hilo ndilo lililokuja kupelekwa mahakamani.

Mwaka ule mabomba ya mtaa wa chini yalikauka. Yalikohoa hewa, yakatema kutu, kisha yakanyamaza. Ndipo alipojitokeza mtu ambaye watu walimwita Bwana Kisima. Alikuwa na nyumba ndefu za kupangisha, vyumba vimepangana kama mabehewa, na nyuma ya ukuta wa nyumba hizo alikuwa na kisima. Alinunua pampu, akanunua lori lenye tangi, akaanza kuuza maji mlango kwa mlango. Hakuwa mtu mbaya wa usoni. Alisalimia wakubwa kwa heshima, aliwatania wadogo, na palipotokea msiba alileta tangi zima bila kudai hata shilingi. Watu walimpenda, na hawakuwa wajinga kumpenda.

Kisha watoto wa mtaa wa chini wakaanza kuharisha. Wa kwanza wakapona, waliofuata wakalazwa. Mmoja, binti wa fundi viatu, hakurudi. Siku ya mazishi Bwana Kisima alileta tangi, kama kawaida yake, na waombolezaji wakanywa. Mama Klorini alisimama kando ya lori, kikombe alichopewa mkononi, akitazama ng'ambo ya ukuta mfupi wa nyumba za Bwana Kisima, zilizopakana na msiba. Kutoka pale aliliona paa la vyoo vya wapangaji, na karibu na vyoo, pua kwa pua, bomba la pampu likitoka ardhini. Akakimwaga kikombe taratibu miguuni pake, mtu asione.

Alichukua sampuli siku iliyofuata na kuipeleka maabara ya mkoa. Majibu yalikuwa bado mkutano wa mtaa ulipoitishwa. Ukumbi wa mtaa ulikuwa mdogo kama kiatu cha mwaka jana: waliowahi walikaa ndani, waliochelewa walisimama barazani wakichungulia madirishani na kuulizana kumesemwa nini. Mama Klorini alikuwa na desturi yake. Akishamaliza kusema ndani, kwa lugha ya ofisi, alitoka nje na kuwarudia wale wa barazani kwa lugha ya mdomo. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba wanaochelewa ndio wanaotoka mbali, na wanaotoka mbali ndio wanaougua.

Ndani alisema: "Maji ya kisima kile yana mashaka. Sampuli imepelekwa. Tunawashauri wananchi wasiyatumie mpaka majibu yatoke."

Barazani mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamvuta mkono. "Mashaka ndiyo nini, Mama Klorini? Sema tuelewe, jua linatuchoma."

"Unataka kuelewa?" akasema. "Huyu bwana anawapangisha choo, kisha anawauzia. Mnamlipa kodi mkiingia, mnamlipa tena mkinywa. Basi msinywe!"

Baraza lilicheka. Lilicheka mpaka mzee mmoja akashika nguzo asianguke. Msemo ule ulitembea kuliko lori la maji. Jioni ile ulikuwa umeshafika kwa kinyozi, msikitini, kanisani, na kwa Bwana Kisima mwenyewe.

Karatasi za mahakama zililetwa na kijana mwenye pikipiki wakati Mama Klorini anawafundisha wapishi wa shule kunawa mikono. Akazipokea kwa mikono yenye povu. Bwana Kisima alidai amechafuliwa jina na biashara yake imeharibiwa. Alimshitaki yeye, mtu mmoja, kwa jina lile lililobaki kwenye kitambulisho. Fidia aliyoidai ilikuwa kubwa kiasi kwamba mumewe aliposomewa alivua miwani, akaifuta, akasema, "Soma tena, labda masikio nayo yamefuata macho."

Halmashauri ikamtoa wakili wake amtetee. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti moja la kazi, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya ghala la vifaa, kati ya matairi ya gari la taka na mafungu ya mafagio. Kesi alizozizoea ni za mipaka ya viwanja na vibanda vilivyojengwa juu ya mtaro. Alimkaribisha Mama Klorini kwenye kiti pekee kilichokuwa na miguu yote.

"Mama, nianze na habari njema au na ile nyingine?"

"Ukiniuliza hivyo najua njema ni ndogo."

"Ni ndogo, lakini ipo. Yale uliyoyasema ndani ya mkutano hayana tatizo. Afisa akisema kwenye kikao halali, kwa kazi yake, sheria inamkinga. Hata angekosea."

"Basi tumemaliza."

"Hukubaki ndani, mama." Wakili akakuna shingo. "Baraza si kikao. Mwenyekiti hayupo, mwandishi hayupo. Pale barazani ulikuwa mtu na mdomo wake, kama mimi nikiwa kwa kinyozi."

"Nimefanya hivyo miaka yote!"

"Najua. Na miaka yote hukuwa umechekesha watu hivyo. Heri kujikwaa dole, mama, kuliko kujikwaa ulimi."

Mama Klorini alimtazama kwa jicho lile la kuchungulia choo. "Sikujikwaa. Nilisema kweli. Ukweli nao haukingi?"

"Unakinga kuliko yote," wakili akasema. Akavuta droo, akatoa karatasi moja, akamsogezea huku hamtazami. "Majibu ya maabara yamekuja."

Alisoma mara moja, akaigeuza kama vile nyuma kungekuwa na majibu mengine. Maji ya kisima yalikuwa safi. Hayakuwa na kijidudu hata kimoja.

Mtu asiyeijua kazi ile angefurahi au angeona aibu. Mama Klorini aliogopa. Maji ya kisima kisichotiwa dawa, hata kikiwa kizuri namna gani, hayawezi kuwa safi hivyo. Hayo yalikuwa maji yaliyouawa. Alisimama bila kuaga, akaenda moja kwa moja ofisini kwake, kwenye kabati zinapokaa chupa za sampuli, na huko akamkuta mhudumu wa ofisi akipiga deki.

Mhudumu alikuwa mjane aliyefanya naye kazi tangu ofisi ikiwa chumba kimoja. Walikuwa wamezeeka pamoja kama vikombe vya seti moja.

"Mwenzangu," Mama Klorini akasema kwa upole uliomtisha mwenzake, "zile chupa ndogo zilizotoka maabara, zilizofungwa, nani alizifungua?"

"Mimi." Mhudumu akaegemea fimbo ya deki. "Si zilikuwa na uchafu ndani? Vumbi vumbi jeupe, kule chini. Nikasema hawa watu wa mkoa hawana haya, wanatuletea chupa chafu. Nikaziosha kama ulivyonifundisha. Nikazilaza kwenye klorini, nikazikausha, nikazifunga tena."

Vumbi lile jeupe ndilo lililowekwa na maabara kwa makusudi, lile linalozima nguvu ya klorini ili chupa ibebe maji jinsi yalivyo. Mhudumu alikuwa ametoa kinga na kuweka sumu. Masalio ya klorini ndani ya chupa yaliwaua wadudu wote njiani, na maabara ikapokea maji mazuri kuliko ya kuoga malaika.

Mama Klorini alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Angemgombeza nani? Ni yeye aliyemfundisha kwamba kitu chenye vumbi hakiwekwi kabatini. Ni yeye aliyesema, siku ya kwanza kabisa: ukiwa na shaka, tia klorini.

"Nimeharibu?" mhudumu akauliza.

"Umeosha," Mama Klorini akasema. "Umeosha vizuri sana."

Alichukua sampuli nyingine, kwa chupa nyingine. Bwana Kisima mwenyewe alimfungulia lango, akamshikia ngazi, akamwita dada. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa zege jipya, na alipofungua kifuniko alikutana na harufu yake mwenyewe. Ndoo nzima ya dawa ilikuwa imemwagwa humo, na sampuli hiyo nayo isingeonyesha kitu. Bwana Kisima alitabasamu. "Tumefuata mafundisho yako, dada."

Wakili alisikiliza habari yote ya chupa mpaka mwisho. Mhudumu alikuwa amekuja naye, amevaa gauni lake la sherehe kana kwamba mahakama ni siku ile ile, akilia na kusema, "Nipeleke nikaseme, baba. Nitasema mimi ndiye."

"Bibi, ukisema hivyo utakuwa umesema kweli," wakili akamjibu, "na mkurugenzi atakufukuza kazi kesho yake. Hilo moja. La pili, wakili wa tajiri atasimama, atapiga makofi, atasema: asante, kumbe hawana ushahidi wowote! Kisha atauliza ni chupa ngapi nyingine mliziosha. Na kila banda tulilofunga, kila kisima tulichofukia, wenyewe watakuja kupanga foleni hapa nje kwenye matairi. Na mkurugenzi, tangu mama alipompa taarifa, ameshaniambia habari ya chupa nisiiguse."

"Kwa hiyo nimesema uongo?" Mama Klorini akauliza. "Ndivyo itakavyokuwa?"

"Kuna njia nyingine." Wakili alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma ilimfanya aseme haraka. "Maneno ya mdomo si kama ya gazeti. Ili akudai, lazima aonyeshe kwamba yalimtia hasara. Na mimi nimepita mtaa wa chini, mama. Nimeuliza. Ulipomaliza kusema, lori lake halikupungua hata safari moja. Liliongezeka."

Nje mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo.

"Unataka kumwambia hakimu kwamba hakuna aliyenisikiliza."

"Walikusikiliza, mama. Walicheka sana. Nataka kumwambia kwamba hakuna aliyekutii."

Alikataa. Alisema afadhali auze nyumba. Alisema mambo mengine pia, na mhudumu akaziba masikio. Wakili akangoja amalize, kisha akasema jambo moja tu: kwamba anahitaji shahidi aliyemsikia barazani na akaendelea kununua, na kwamba ameshampata, amejileta mwenyewe. Alipomtaja, Mama Klorini alicheka kicheko kikavu. "Huyo? Huyo alikuwa wa kwanza kuacha."

Aliyetajwa alikuwa mdogo wake, tumbo moja, mshona sare za shule wa mtaa wa chini. Mama Klorini alikwenda kwake siku ile ile na mabuti yake ya kazi. Alimkuta kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, nguo za bluu zimemjaa mapajani. Nyuma ya mlango palikuwa na pipa, juu ya pipa ubao, juu ya ubao bakuli. Alifunua. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni.

"Ya nani haya?"

Cherehani ikanyamaza. "Kaa, dada."

"Sikai. Nakuuliza ya nani."

"Unajua ya nani. Kuna mwingine anayeleta maji huku?"

"Nilikuja hapa! Nikasimama hapo ulipo, nikakwambia kwa mdomo wangu. Ukaniitikia 'ndiyo dada, nimeacha dada.' Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Ulitaka nikuitikie nini?" Mdogo wake akaweka nguo chini. "Ukija wewe hapa mtu anaitikia. Mtaa mzima tunakuitikia. Ukishapita tunachota. Niwape watoto wangu nini, dada, niwape maneno yako wanywe? Bomba hili hapa, lifungue. Fungua! Litoe hata tone, nami nitamwaga pipa zima mbele yako."

Mama Klorini hakulifungua. Alijua.

"Lakini unachemsha," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka ikawa karibu ombi.

"Nachemsha."

"Kila siku?"

"Siku mkaa ukiwepo."

Walitazamana. Walikuwa na macho ya mama mmoja, na yote manne yalikuwa yamelowa.

"Nakwenda mahakamani kukusaidia," mdogo wake akasema. "Shemeji haoni. Nyumba ikiuzwa utampeleka wapi? Aje aishi humu na mapipa? Najua aibu ni yako. Aibu haiui, dada."

"Kuna zinazoua," Mama Klorini akajibu, lakini alikuwa ameshakaa.

Siku ya kesi, chumba cha mahakama kilijaa watu na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Bwana Kisima alikaa mbele amevaa suti ya rangi ya majivu. Wakili wake alinukia manukato na kuongea kama anasoma risala. Wakili wa halmashauri, na koti lake moja, alimsimamisha Bwana Kisima, akaanza kwa utaratibu, kama mtu anayemenya chungwa bila kisu.

"Mzee, unaheshimika mtaa wa chini?"

"Sana."

"Maneno haya yaliposemwa, watu waliyaamini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na hata mtoto angeuona. Ili ashinde, Bwana Kisima alitakiwa aseme kwamba waliyaamini, kwamba walimkimbia, kwamba lori lake lilirudi na maji yake. Wakili wake alikohoa mara mbili kumkumbusha. Lakini chumba kilikuwa kimejaa wateja wake. Wapangaji wake walikuwepo, wapinzani wake walikuwepo, na mtu aliyekuwa anafikiria kununua lori la pili ashindane naye alikuwa amekaa mstari wa tatu, anachokonoa meno. Bwana Kisima akajaza kifua.

"Wayaamini? Ya mwanamke huyu? Wale watu wangu, mheshimiwa! Hakuna hata mmoja aliyeniacha. Hata mmoja! Wananijua mimi ni nani."

Watu wakaguna. Wakili mwenye manukato akafumba macho kama mtu aliyeonja ndimu.

Kisha mdogo wake Mama Klorini akapanda kizimbani, akaapa, akashika ukingo wa mbao kwa mikono miwili.

"Mdaiwa ni nani kwako?"

"Dada yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki."

"Ulikuwepo barazani?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia alichosema?"

"Nilisikia. Nilicheka."

"Ulimwamini?"

Feni ilizunguka. "Dada yangu hasemi uongo," akasema, na wakili wa halmashauri akashtuka, maana hilo halikuwa jibu walilokubaliana. "Lakini niliendelea kununua. Sote tuliendelea. Muulize yeyote humu ndani."

"Kwa hiyo maneno yale hayakukuzuia?"

"Hayakunizuia."

"Asante, mama. Unaweza kushuka."

Mama Klorini alisikiliza yote hayo ameketi wima, mikono mapajani. Karibu naye fundi viatu, baba wa yule binti, alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemwita kutoa ushahidi. Kesi haikuwa juu ya mtoto wake.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kuchoka, na alisoma bila kuinua uso. Alisema mdai hakuonyesha hasara yoyote. Alisema mdai mwenyewe amekiri kwamba wateja wake walibaki wote. Alisema shahidi wa karibu kabisa na mdaiwa, ndugu yake wa damu, hakuona sababu ya kubadili mwenendo wake. Kwa hiyo maneno ya mdaiwa, ingawa ni makali na hayakusemwa mahali pake, hayakuwa na nguvu ya kumdhuru mtu, na dai linatupwa.

Kelele zikalipuka. Mhudumu wa ofisi akapiga kigelegele, mtu akamnyamazisha. Mama Klorini alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa," akasema, "na maji je?"

Hakimu akainua uso kwa mara ya kwanza. Akamtazama kwa muda, na ilionekana kama alikuwa na la kumjibu. "Maji hayakuletwa mbele yangu," akasema. "Kaa chini, mama. Umeshinda."

Nje, chini ya ngazi, Bwana Kisima alimpa mkono mbele ya watu, na yeye akaupokea kwa sababu watu walikuwa wanatazama. "Hongera, dada. Hakuna kinyongo. Mahakama imesema maji yangu hayana neno, na neno lako halina maji. Tumetoka sare." Watu wakacheka, na aliwajua wengi wao: ni wale wale wa barazani. Safari hii mzaha ulikuwa wa mwingine.

Mdogo wake alimshika kiwiko njia nzima mpaka nyumbani. Mlangoni mumewe alikuwa anangoja amesimama, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayesikiliza.

"Vipi?"

"Nimeshinda."

"Basi mbona unatembea kama aliyetoka kuzika?"

Mama Klorini alimshika mkono, akamwongoza mpaka kitini.

Wiki iliyofuata alikwenda bucha jipya nyuma ya kituo cha mabasi. Mwenye bucha alikuwa kijana mgeni wa kazi, aproni yake bado ina mikunjo ya dukani. Mguu mzima wa ng'ombe ulikuwa unaning'inia mbele ya mwingine kama huo, na Mama Klorini hakuhitaji kuusogelea sana. Aliubonyeza kwa kidole, akakinusa kidole.

"Huu haufai," akasema. "Ushushe."

Kijana alimtazama, kisha akawatazama wateja watatu waliokuwa wanangoja. Hakuwa na jeuri. Alikuwa mtu anayepima. "Wewe si ndiye yule wa kesi?" akauliza. "Yule mahakama ilisema maneno yake hayamdhuru mtu?"

Mteja mmoja akacheka puani. Mwingine, mwanamke mwenye kikapu, akatazama pembeni.

"Ushushe," Mama Klorini akasema tena.

"Mama yangu, mimi nimesikia. Nimkatie nani?" kijana akawauliza wateja, na kisu chake kikawa kimeshainuka.

"Nusu kilo," akasema yule aliyecheka. "Usitie mfupa mwingi."

Mama Klorini alizunguka kaunta. Hakuna aliyemzuia, labda kwa sababu hawakuelewa anakwenda wapi. Aliukumbatia ule mguu kama mtu anavyomkumbatia mgonjwa wa kumwinua kitandani, akaupandisha mpaka ukatoka kwenye ndoano, na uzito wake wote ukamwangukia begani. Damu ya zamani ikamtiririka shingoni. Kijana akapiga kelele, "We mama! We mama, hiyo mali ya mtu!" lakini alibaki na kisu chake nyuma ya kaunta, maana kumpokonya bibi mzima nyama mbele ya watu nako kunahitaji moyo.

Alitoka nao nje kwenye jua. Shimo la taka la halmashauri lilikuwa mbali, ng'ambo ya kituo, na njia ilikuwa imejaa watu. Wakampisha. Wengine walimwita jina lake, wengine walimpigia mluzi, na kondakta mmoja akamuuliza kama anakwenda kuchoma. Alitembea. Mara mbili alisimama kuuhamishia mguu bega la pili. Pale mlangoni pa bucha, alipokuwa anatoka, alikuwa amemsikia yule mteja nyuma yake akisema, "Haya basi, huo mwingine unauzaje?"

Hakugeuka. Alikuwa na bega moja tu la kubebea kwa wakati mmoja, na shimo lilikuwa bado mbali.